Bibi alitaka moto, daktari naye akataka moto!

Najua wengi mmefungua ukurasa huu mkitegemea niendelee na mada ya wiki iliyopita, ile ya wanaume wanaokopa nauli kwa wachumba zao. Barua zenu nimezipata, nyingine zimenichekesha mpaka machozi, na wale mlionitukana nimewasamehe. Leo lakini naomba mnivumilie. Nina kisa cha mguu.

Jumanne nilipanda daladala la Mbagala, watu tumebanana kama dagaa. Pembeni yangu kijana mmoja, umri kama miaka 20, kapendeza, kavaa raba nyeupe. Kila mara anainama anajikandakanda juu ya goti. Halafu akatoa kikaratasi mfukoni, akatafuna vidonge viwili bila maji, kama anatafuna karanga. Nikamwangalia vizuri. Nikamuuliza: "Mdogo wangu, hayo maumivu yanakuzidia usiku?" Akasema ndiyo. "Na ukimeza aspirini yanaacha?" Akanikodolea macho kama nimemkuta bafuni. "Dada, umejuaje?"

Nimejuaje? Basi kaeni mkao wa kula.

Mwaka 2016 nilikuwa naishi Magomeni na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Nyumba ya vyumba sita, choo kimoja, mama mwenye nyumba mkali kuliko pilipili kichaa. Dogo alikuwa na miaka 18, kamaliza fomu foo, anajifunza ufundi simu Kariakoo. Mtoto mpole, mtanashati, hana tabia mbaya hata moja. Tatizo lake lilikuwa mguu wa kulia, pale kwenye ugoko, vidole vinne chini ya goti.

Mchana anadunda tu. Usiku ikifika saa nane, kasheshe! Naamka namkuta kakaa kitandani, kaukumbatia mguu, anajibembeleza huku na huku kama mama mwenye kichanga. Halii kwa sauti, anang'ata mto. Ananiambia, "Dada, kuna mtu yumo ndani ya mfupa anatoboa anataka kutoka." Ukimshika pale hakuna jipu, hakuna kidonda, ngozi safi kabisa.

Sasa mnazijua nyumba zetu za kupanga. Kila chumba kina daktari wake. Chumba cha kwanza wakasema selimundu. Chumba cha pili wakasema anakua huyo, mifupa inarefuka. Jirani wa uani akasema kuna binti kamkataa Kariakoo, sasa katupiwa kitu. Mama mwenye nyumba yeye alisema ni uvivu, mbona mchana hapigi kelele? Hilo la mwisho lilimuuma dogo kuliko mguu wenyewe.

Ikabidi bibi aje kutoka Lindi. Bibi yetu hana maneno mengi. Alimkanda mguu usiku mmoja, alfajiri akatoa hukumu: moto. Alituambia enzi zao kijana mwenye maumivu ya mfupa yasiyoisha alikuwa anapashiwa chuma kikawa chekundu, anaguswa mara moja pale panapouma, mchezo umekwisha. Akaagiza jiko la mkaa na msumari wa nchi sita. Mama mwenye nyumba, ambaye siku zote mkaa wake hauazimwi, siku hiyo alilileta jiko mwenyewe! Nikagoma. Nikasema huyu mtoto hachomwi mtu asinione. Lakini kilichonivunja nguvu ni dogo mwenyewe. Alikuwa kaegemea ukuta, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akasema: "Dada, mwache anichome. Angalau nitajua naumwa kwa sababu gani."

Bibi alirudi Lindi kanuna.

Kwenye matibabu ya kizungu nako tulizunguka mpaka soli zikaisha. Zahanati ya kwanza wakampiga sindano, ya pili wakampa dawa ya kuchua. Eksirei ikapigwa, ikaonekana mfupa umenenepa upande mmoja. Mmoja akasema ni usaha wa zamani uliojificha ndani ya mfupa, dogo akala antibayotiki wiki sita, wapi. Mwingine akaitazama picha, akashusha pumzi, akasema hatuwezi kuondoa uwezekano wa kansa. Neno hilo likapigiwa simu mpaka Lindi, na kabla jua halijazama watu ambao hata gauni la hospitali hawajawahi kuvaa walikuwa wanajadili mguu ukatwe wapi, juu ya goti au chini.

Muda wote huo rafiki wa kweli wa dogo alikuwa aspirini ya kioski. Alianza na vidonge viwili usiku. Baadaye vikawa vinne, sita, na vya mchana "kwa kujihami". Aligundua mwenyewe kwamba panado haimfai kitu ila aspirini baada ya nusu saa inamlaza kama mtoto. Tulimwona mjanja. Siku moja asubuhi akatapika kitu cheusi kama mashapo ya kahawa. Ilikuwa ni damu. Vidonda vya tumbo kwa mtoto wa miaka 18, na mguu bado unauma.

Pale alipolazwa kwa ajili ya tumbo ndipo alipopita mzee mmoja daktari wa mifupa, miwani yake imeungwa kwa gundi. Alikuja kumwangalia mgonjwa mwingine kabisa. Akasikia habari za aspirini, akasimama. Akauliza yale maswali mawili niliyomuuliza kijana wa daladala. Dogo akajibu ndiyo na ndiyo. Mzee akatabasamu, mimi nikakasirika, nikasema huyu anacheka nini na mtoto anatapika damu? Akaniambia: "Mama, kapige CT-Scan ya hapo tu. Wapige silesi nyembamba. Nadhani mwanao ana kitu kidogo sana." Mwanangu! Nilikuwa na miaka 29. Nikalimeza.

Tuongee kidogo kuhusu hiyo CT. Eksirei ya kawaida, aliyoigundua Mjerumani Röntgen mwaka 1895, inapiga kila kitu kwa pamoja, kama unatazama watu wote wa kwenye daladala kupitia dirisha moja. Aliyejificha nyuma humwoni. CT inazunguka mguu na kukata picha silesi silesi kama mkate, halafu kompyuta inazipanga. Mgonjwa wa kwanza kupigwa kichwa chake kwa mashine hiyo alipigwa London tarehe 1 Oktoba 1971, mashine ikiwa ya Mwingereza Godfrey Hounsfield. Hesabu zake nyingine alikuwa ameshazipiga Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kulifikiria jambo hilo akiwa kazini kwenye hospitali moja ya Cape Town. Wakagawana Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Kwa hiyo mtu akikwambia mashine hizi ni za Wazungu tu, mwambie Afrika nayo ina mkono.

Silesi za dogo zilipotoka, kumbe! Ndani ya ule mfupa ulionenepa kulikuwa na kitundu cheusi cha mviringo, na katikati yake kidoa cheupe. Milimita nane. Punje ya kunde! Punje ya kunde ndiyo iliyokuwa inamwamsha mtoto kila usiku kwa miezi kumi na moja.

Jina lake ni osteoidi osteoma. Daktari Henry Jaffe wa New York ndiye aliyeupambanua ugonjwa huu na kuupa jina hilo mwaka 1935. Ni uvimbe wa mfupa usio kansa, hausambai kokote, hauli mguu. Unawapenda vijana, wengi wao chini ya miaka 25, na wavulana kuwazidi wasichana. Mara nyingi unakaa kwenye mfupa wa paja au wa ugoko. Ule unene tuliouona kwenye eksirei ni mwili wenyewe unajenga ukuta kuizunguka ile punje, na ukuta ukizidi ndiyo unaificha kabisa. Halafu punje inatengeneza kwa wingi kemikali zinazoitwa prostaglandini, ndizo zinazoleta yale maumivu. Aspirini kazi yake ni kuzuia kemikali hizohizo zisitengenezwe. Ndiyo maana yule mzee alitabasamu. Dogo alikuwa amejipima mwenyewe kwa vidonge vya kioski.

Nikamuuliza mzee, sasa tunafanyaje? Akasema njia zipo tatu. Ya kwanza ni kusubiri. Wapenzi wasomaji, punje hii mara nyingi inazimika yenyewe, lakini inachukua miaka, na miaka hiyo unaishi kwa dawa za maumivu. Kwa tumbo la dogo, njia hiyo ilikuwa imefungwa. Ya pili ni kisu: kupasua, kuchonga mfupa mpaka punje itoke. Tatizo, ukiwa mezani punje huioni kwa macho, mfupa wote unafanana. Ukichonga kidogo unaiacha, ukichonga sana mfupa unabaki dhaifu na unaweza kuvunjika, magongo miezi. Ya tatu, akavua miwani akaifuta, ni kuichoma moto.

Nikahisi bibi yuko nyuma yangu anacheka.

Kweli tena. Moto! Sindano inaingizwa hadi kwenye punje, inapashwa, punje inaiva, basi. Sikuamini, nikaenda kusoma, na wenzangu wa ofisini wakanisaidia kutafuta. Nilichokipata kilinifurahisha mno, ngoja niwagawie.

Mwaka 1891 Mfaransa mmoja wa Paris, d'Arsonval, aligundua kwamba umeme unaobadili mwelekeo haraka sana, zaidi ya mara 10,000 kwa sekunde, unaweza kupita mwilini bila kukukakamaza misuli, ila unasikia joto. Umeme wa ukutani unaorusha watu unakwenda na kurudi mara 50 tu kwa sekunde, msijaribu! Ule unaotumika kwenye sindano hizi unakaribia mara 500,000 kwa sekunde. Mnaokumbuka kutafuta RTD kwenye redio ya mbao, pale mwanzo kabisa wa masafa ya kati, basi ni jirani na hapohapo. Ndiyo maana wanayaita mawimbi ya redio.

Na sindano yenyewe haipashwi moto kama msumari wa bibi. Umeme unatoka kwenye ncha, unaingia kwenye nyama iliyoizunguka, na chembechembe za chumvi zilizomo zinaanza kuyumbayumba kuufuata, huku na huku, kama abiria waliosimama daladala likipita matuta mfululizo. Kwa kusuguana huko joto linapanda. Umeme unatokea kwenye pedi kubwa iliyobandikwa pajani, na kwa sababu pedi ni pana, joto halijikusanyi hapo.

Joto kiasi gani? Kwenye nyuzi 50 chembe hai zinakufa ndani ya dakika chache. Kwenye 60 ni papo hapo, protini inaganda kama ute wa yai kwenye kikaango. Ukipita 100 maji yanakuwa mvuke, nyama inakuwa mkaa, na mkaa hauupitishi umeme vizuri, kwa hiyo unajiharibia mwenyewe. Kwa punje ya mfupa wanaenda nyuzi 90, dakika kama sita. Ncha iliyo wazi ni ya milimita tano hivi, inaivisha kiduara cha kama sentimita moja. Mnaona? Milimita nane ndani ya sentimita moja. Kama vile vilitengenezewana.

Aliyeanzisha kwa ugonjwa huu ni Daniel Rosenthal na wenzake wa Massachusetts General Hospital, Boston. Walitoa taarifa yao mwaka 1992, wakiwa na wagonjwa wanne tu. Siku hizi ndiyo njia ya kwanza inayofikiriwa mahali penye vifaa, na takriban watu tisa kati ya kumi wanapona kwa kuchomwa mara moja. Wa kumi anarudia.

Mahali penye vifaa. Hapo ndipo palipotutoa jasho. Mwaka ule 2016 mzee alituambia wazi kwamba hapa Dar hajui mtu wa kumpelekea. Akataja India. Kikao cha ukoo kikakaa Magomeni, sahani ya pilau ikazunguka, kila mtu akaahidi. Mnajua ahadi za kwenye pilau. Mwishowe mjomba wetu, dereva wa lori, mtu ambaye hata shikamoo anaitikia kwa shida, alisimama akasema anauza kiwanja chake cha Chanika. Alikuwa ameshapiga msingi. Mkewe alitoka nje akakaa chini ya mwembe, hakusema neno. Nilimfuata nikakaa naye, nami sikusema neno. Hebu fikirieni, nyumba nzima inauzwa kwa ajili ya punje ya kunde, na mimi ndiye nimewaambia waamini kitu nilichokisoma tu.

Nilisafiri naye mimi. Chennai kuna joto, jamani, Dar ikasome! Watanzania tele kwenye korido, unasikia Kiswahili cha Tanga huku na cha Mwanza kule. Daktari wetu alikuwa mwanamama mfupi, mpole, anachora kila kitu kwenye karatasi. Alinionyesha atakapopita. Alisema kwenye ugoko hofu yake kubwa ni ngozi, mfupa uko karibu mno na nje, joto likivuja linaunguza kwa ndani. Bahati yetu punje ilikuwa upande wa nyuma wa mfupa. Ingekuwa kwenye uti wa mgongo angeogopa zaidi, mishipa ya fahamu haipendi jirani wa nyuzi 90.

Nikamuuliza, kwa nini mnampa nusu kaputi kwa tundu la sindano? Akacheka. Akasema ile punje ina maumivu ya ajabu, hata mgonjwa akiwa kalala fofofo hajitambui, sindano ikiigusa tu utaona mapigo ya moyo kwenye mashine yanaruka. Baadaye aliniambia ya dogo yaliruka vilevile, na ndivyo alivyojua kabla hata ya picha kwamba amefika. Nilipata ubaridi. Mtoto amelala, hana habari, lakini mwili wake unapiga kelele: hapohapo!

Kazi yenyewe ilifanyika chumba cha CT. Picha, wanapima. Tundu kwenye ngozi dogo kuliko kifungo cha shati. Kitobolea mfupa kinaingia, picha tena. Kinasogezwa nywele moja, picha tena. Wakachukua kipande cha kupima maabara, wakaingiza sindano, picha ya mwisho, ndipo wakawasha. Dakika sita. Mimi nje nilikuwa nimesoma dua zote ninazozijua na nimeanza kuzirudia. Muda mrefu ulikwenda kwenye picha, si kwenye moto.

Na hapo ndipo nilipomwelewa bibi. Kuhusu moto bibi hakukosea. Chuma chake kingeunguza ngozi, kikaacha kovu na donda la kuoza, na punje ingebaki palepale sentimita mbili chini yake inacheka. Alikosa macho ya kuona ndani tu.

Usiku ule dogo alilalamika maumivu, lakini akasema, "Haya ni mengine, dada. Haya ni ya kidonda." Usiku wa pili nilikuwa nimekaa kwenye kiti nasubiri saa nane kama nilivyozoea. Saa nane ikapita. Saa tisa. Nikamsogelea nisikie kama anapumua. Anakoroma! Nilikaa pale nikalia peke yangu mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini, nikashindwa kumweleza kwa Kiingereza changu kwamba nalia kwa sababu mtu anakoroma.

Alitembea kesho yake. Walimkataza kukimbia na kuruka miezi mitatu ili mfupa ujazie lile tundu. Kovu lake leo ukiambiwa lilipo ndipo unaliona, utadhani kang'atwa na mbu akajikuna.

Sasa msinielewe vibaya, mkaanza kudai kila uvimbe uchomwe. Nimeshapata rafiki aliyeniambia shangazi yake ana kansa ya ini, "si wamchome tu?" Ini nalo linachomwa kweli. Mwaka 1990 timu moja ya Italia na nyingine ya California, kila moja kivyake, zilitoa taarifa za kuchoma ini la mnyama kwa sindano kama hizi, na leo ni tiba ya kawaida kwa uvimbe mdogo wa ini. Neno ni hilo, mdogo. Ikiwa chini ya sentimita tatu matokeo ni mazuri. Ukikua zaidi, moto haufiki pembeni, na wanatakiwa kuunguza hata ukingo wa nusu sentimita mpaka moja kuuzunguka, kama unavyokata embe na sehemu nzima kidogo ili usiache palipooza. Tena ini lina mishipa mikubwa ya damu, damu inapita inalipoza joto, kama unachemsha sufuria huku bomba la maji linamwagikia. Kwa sababu hiyo wengine wanatumia sindano za maikrowevu, mawimbi yaleyale ya lile boksi la kupashia chakula, ambayo yanapasha haraka na kwa nguvu zaidi. Lakini wagonjwa wetu wengi wa ini, na wengi ilianza na homa ya ini aina ya B, wanafika hospitali uvimbe una ukubwa wa nazi. Hapo sindano haina kazi. Figo, mapafu, nako kunachomwa, kwa masharti kama hayo.

Na akina dada mnaosumbuliwa na uvimbe kwenye kizazi, najua mtaniuliza. Ipo mashine inayochoma bila sindano, inakusanya mawimbi ya altrasaundi sehemu moja kama tulivyokuwa tunachoma karatasi kwa lensi juani. Marekani waliikubali kwa uvimbe huo mwaka 2004. Si kila uvimbe unafaa, na kama bado unataka mtoto, kaa na daktari wako wa wanawake mliongee hilo kwanza, usidanganywe na mtu mwenye mkanda wa joto anayeuza mlango kwa mlango. Mkanda ule unapasha ngozi. Ngozi haina shida.

Kinachonitia uchungu ni tarehe. Sisi tulikwenda India 2016. Mwaka 2018 madaktari wa Marekani, wakiongozwa na wa Chuo Kikuu cha Yale, walianza kuja Muhimbili kwa zamu kuwafundisha madaktari wetu tiba hizi za kupita kwenye tundu dogo huku unatazama picha, na Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanzisha shahada ya uzamili ya kazi hiyo. Vijana wetu wenyewe, tena wamo na waliotoka nchi jirani. Miaka miwili tu! Nilipomwambia mjomba alikaa kimya kidogo, akauliza, "Na dogo angetapika damu miaka miwili?" Nikasema hapana. Akasema basi, usinitajie tena Chanika. Kile kiwanja sasa kina ghorofa ya mtu. Tunapita naye kwa lori, hageuzi shingo.

Yule kijana wa daladala tulishuka naye Mtongani. Nikamwandikia nyuma ya tiketi: picha ya CT, sehemu inayouma tu, silesi nyembamba, na amwambie daktari habari za aspirini kabla hajaulizwa. Nikampa na namba ya dogo, ambaye sasa ana fremu yake ya simu Kariakoo, mke, na mtoto mmoja. Walipigiana usiku huohuo. Dogo alinipigia mimi baadaye, saa tano usiku, akasema, "Dada, yule jamaa amenielezea saa yake mbaya ni saa nane kamili. Nimemwambia leo asiogope, nitakaa naye kwenye simu." Asubuhi nikampigia dogo kujua ilikuwaje. Simu ikaita, ikaita, mkewe ndiye aliyepokea. "Amelala, wifi. Walizungumza mpaka saa kumi."